Kigoda cha Baba na Mgeni wa Kakuma

Chuo kikuu kilifungwa kwa sababu ya mgomo, nikarudi nyumbani Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, na sanduku la vitabu na tabia ya kubishia kila kitu. Kiangazi kilikuwa kikali hata kwa Lodwar. Mama alikuwa nesi. Alikuja huku kwa uhamisho kutoka upande wa Kitale, akaolewa na baba yangu Mturkana, na baba alipofariki hakuondoka.

"Kiangazi hiki nataka kuirudia imani yangu," aliniambia. "Tangu baba yako atuache nasali kama mtu anayetia sahihi kitabu cha mahudhurio."

Hilo sikulipinga. Niliyemshuku ni mtu aliyemwita amsaidie: mwanamke Msudani, mkimbizi, mshonaji wa mashuka ya maua, ambaye Mama alijuana naye alipofanya kazi katika zahanati ya kambi ya Kakuma. Alikuja kwa lori, na kibali cha kutoka kambini kwa siku nne.

Kikundi chake cha sala kilikuwa na desturi yake. Vitu vyote vya nyumba vinatolewa juani, watu wanasali ndani ya chumba kitupu, kisha vinarudishwa kimoja kimoja. Mwenye kitu lazima aseme kwa nini kinarudi.

"Na kisichorudi?" nilimuuliza mgeni.

"Kama ni kizuri, tunapatia mtu. Kama inafunga roho, tunachoma."

"Nani anaamua kwamba inafunga roho?"

"Mama nesi," mgeni alisema, "huyu binti yako ni polisi?"

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nikitazama ukutani, kulikoning'inia ekicholong ya baba, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia na kukilalia kichwa. Mwanamke hakikalii. Mama hakuwa akikigusa hata kukipangusa vumbi. Chuoni nilikuwa nimesoma juu ya waumini waliochoma vitu vya wazee wao. Kesho yake asubuhi, Mama alipokwenda kuteka maji na mgeni wake, nilikifunga kwa leso nikakificha ndani ya gunia la makaa.

Waliporudi tulitoa kila kitu. Vurugu ya kutoa vitanda, masufuria na redio iliwafanya wasione ukuta. Wakasali ndani hadi saa sita, mimi nikakaa nje nikilinda vitabu vyangu kama mwenye duka.

Kisha vitu vikaanza kurudi. Redio ilirudi kwa ajili ya habari. Gauni la harusi la Mama halikurudi, na hakusema sababu. Mwishowe alilizunguka lile rundo mara mbili.

"Kigoda cha baba yako kiko wapi?"

"Sijui," nilisema.

Mama aliutazama mfuko wa mgeni. Aliutazama tu, labda kwa muda wa kuvuta pumzi moja, lakini mgeni aliona. Aliuchukua mfuko wake, akaumwaga mchangani: shuka moja, sabuni, msalaba wa mbao, kibali.

"Angalia vizuri, mama nesi," alisema.

Ningeweza kusema wakati ule. Sikusema. Kabla ya jioni mgeni alikuwa amepanda lori la kurudi Kakuma, siku mbili za kibali chake zikiwa bado hazijatumika.

Nilikitoa kigoda kesho yake, kimejaa vumbi jeusi. Mama hakunigombeza.

"Umenifanya niutazame mfuko wake," alisema, akaenda kazini.

Nilipanda lori hadi Kakuma. Nilimkuta mgeni mlangoni kwake, uzi mdomoni. Nilimsimulia kila kitu bila kujitetea.

"Ulifikiri mimi nitachoma?"

"Ndiyo."

"Mama yako ndiye anasema. Si mimi."

"Na kama angesema kichomwe?"

Alikata uzi kwa meno. "Ningeleta kiberiti."

Ajabu ni kwamba jibu hilo lilinifanya nimwamini kidogo zaidi. Aliniambia kibali kingine hatapata upesi. "Mama yako hana haja ya kibali. Aje yeye. Alete na hicho kigoda."

Jumamosi tulikwenda, Mama amekipakata njia nzima. Mgeni alikuwa amekwisha kutoa vitu vyake vyote nje, hata jiko, kwa ajili yetu. Mama alimwomba msamaha, naye akasema, "Maalesh, si kitu, ingia." Walisali humo ndani kwa muda mrefu. Mama alipotoka alikiokota kigoda alichokiacha mchangani pamoja na vile vitu, akasimama nacho kizingitini.

"Kinarudi nyumbani," alisema, "kwa sababu bado nina hasira na baba yako, na sijamwambia Mungu hivyo."

Mgeni hakubishana. Aliniomba niwashe jiko tupate chai, na akakitafuta kiberiti huku na huku. Ikabidi nikitoe mfukoni mwangu, nilimokificha walipokuwa wakisali.