Mjomba alikuja kunitetea kwa counsellor

Wakuu, salamu kutoka huku kwa majani chai. Hii ilinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Mkitaka kucheka chekeni tu, mimi nilishacheka.

Ni miaka ya tisini, Bomet. Mama yangu alikuwa amefariki.

Baada ya mazishi nikaacha kula, usingizi ikapotea, na majani chai ikakomaa shambani mpaka majirani wakauliza kama nimehama.

Bibi yangu Chelangat alivumilia, akachoka. "Baba Kibet, ukiendelea kukaa hapo kama gunia, narudi kwetu Ndanai na mtoto."

Na huyo mwanamke hatishangi bure. Niliogopa sana.

Nesi mmoja wa kanisa letu akaniambia kuna counsellor, mtu wa kuongea naye ukilemewa, hospitali ya misheni. Nikaruka! Mimi nilijua hiyo ni ya watu wanaookota makaratasi barabarani. Jirani naye akasema wanadunga sindano ya kusahau. (Hiyo ya sindano, ukweli ni kwamba nilikuwa karibu kukubali.)

Lakini hiyo Ndanai iliniogopesha zaidi, nikakubali kwenda. Sasa, kwetu mtu akiitwa mbele ya wazee haendi peke yake. Watu wake wanaenda kumsemea.

So siku ikafika, Mjomba, ndugu ya marehemu mama, akavaa koti ya harusi, akabeba kibuyu ya mursik, maziwa yetu ya kuganda, na kuleta wazee wengine wawili. Tukaingia ofisi ya watu kama tunaenda kuposa!

Counsellor, mama mpole tu, akaniuliza, "Habari yako?"

Mjomba akasimama. "Madam, huyu kijana ni mzuri. Hajapiga bibi, hajaiba ng'ombe ya mtu. Kama kuna mashtaka, tuelezwe."

Woi. Mimi naangalia viatu.

"Hakuna mashtaka, mzee. Ningependa kuongea na yeye."

"Ongea na mimi. Yeye ni mgonjwa."

Walivutana hapo mpaka wazee wakakubali kungoja nje kwa benchi, na kibuyu yao.

Nikabaki nikingoja sindano. Akaniuliza tu, "Mama yako alikuwa mtu wa aina gani?"

Wakuu, tangu tumzike, kila mtu alikuwa ananiambia nijikaze. Hiyo swali hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Nililia mpaka kamasi.

Mlango ikafunguka, Mjomba na rungu mkononi. "Umemhukumu nini?"

"Nalilia mama," nikamwambia.

Akasimama hapo kwa mlango. Halafu akaweka rungu chini.

"Kijana, toka nje kidogo. Huyo alikuwa dada yangu. Hata mimi sijalala."

Nikatoka, nikakaa na wazee. Tulimsikia akilia.

Tulirudi huko mara kadhaa, kila mtu na siku yake. Haikuisha haraka, lakini nilianza kula, na Chelangat hakuenda Ndanai.

Nilichojifunza: counsellor si hakimu, si mganga, na hakusahaulishi mtu wako. Anakupatia nafasi ya kumlilia.

Nanyi mliambiwa counselling ni nini? Andikeni hapa chini, hasa nyinyi wanaume mnaojikaza.