Severa Alivyofungua Belo Kabla ya Kura

Miaka yote niliyouza nyuzi na vifungo ukuta mmoja na duka la Severa, sikuwahi kumwona akinywa maji kabla ya adhuhuri. Wala mimi sikunywa. Mtaa wetu hapa Kariakoo una maghorofa yanayoota kama uyoga, una benki, una wateja mpaka wa Kongo, lakini mwanamke akibanwa haja aende wapi? Wanaume wana kuta, Mungu awasamehe. Sisi tulikuwa na ngazi za mama Jasumati, mjane wa Kihindi anayeuza sufuria chini na kuishi juu. Choo chake kiligeuka stendi. Alitufungulia kila siku, na kila siku alitugombeza.

Severa ni Mchaga wa Rombo. Alianza kwa kutandika nguo za watoto chini kwenye turubai, jua lake, mvua yake, mpaka akapata duka la jumla la mitumba. Kwa wenzake belo, furushi la nguo lililokazwa kwa kamba, hufunguliwa ukishalipa, na ukikuta matambara shauri yako. Severa alikuwa anachukua kisu, anakata kamba mbele ya mteja. "Tazama kwanza, ndugu yangu. Hela yako haina haraka." Majirani walimcheka, lakini wateja wa Mbeya na Songea walikuwa wanawapita haohao majirani kwenda kwake.

Ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa, chama cha upinzani kikamsimamisha agombee uenyekiti wa mtaa. Alipambana na Augustino, aliyekalia kile kiti mpaka kikachukua umbo lake. Severa alitaka jambo moja tu: ule uwanja nyuma ya ofisi ya mtaa, unaolaza mikokoteni, ujengwe choo cha akina mama chenye maji na mtu wa kukitunza. Hakuwa anatafuta sifa. Binti yake, Nice, muuzaji wa dukani kwake, alilazwa akiwa mjamzito kwa maradhi ya mkojo, na daktari akamwambia anywe maji mengi. Anywe, halafu?

Ramani ilikuwa tayari, fundi Bryson ameichora. Lakini Severa aliificha. Katibu wa tawi lao, Gaudens, kijana msomi mwenye haraka ya kuogopa, ndiye aliyemshika masikio.

"Dada, tukisema leo, kesho Augustino anaibandika kwenye bango lake. Tushinde kwanza, ndo tuseme."

Severa akakubali, na sishangai. Kariakoo hii, ukitaja mzigo wako ungali bandarini, jirani anaagiza uleule na kukupiga bei. Basi akawa anazunguka kwenye kampeni akisema, "Nipeni kura, mtaona wenyewe." Watu wanapiga miayo. Mimi rafiki yake nilipiga pia.

Siku moja tulikutana akina mama kwenye ngazi za Jasumati. Severa akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, unataka kura yangu. Ndani kuna nini?"

"Ukinichagua utaona, mama."

"Yaani nalipa kwanza, ndo nifungue?" Jasumati aliweka mikono kiunoni. "Dukani kwako unakata kamba nikiwa nimesimama. Leo kwenye kura unaniuzia belo lililofungwa! Kwani ndani umeweka matambara?"

Tulicheka mpaka ngazi zikatikisika. Severa hakucheka. Alitazama viganja vyake, vyenye alama za kamba, kisha akavuta pumzi na kusema yote: uwanja, milango mingapi, tangi la maji, nani atakaa na ufunguo. Akatoa ramani mkobani, ikapita mkono kwa mkono. Hapo hakuna aliyepiga mwayo. Gaudens, aliyekuja naye, alikuwa amekaa ngazi ya chini, kashika kichwa.

Na kweli, haikupita wiki, bango la Augustino likapanda: CHOO CHA AKINA MAMA, AHADI YANGU. Uso wake umejaa tabasamu, mwizi wa mchana kweupe! Gaudens alikuja mbio. "Si nilisema? Tumeliwa!" Damu ilinichemka, nikataka kulichana lile bango kwa mkasi wangu wa dukani.

"Acha mkasi," Severa akaniambia. "Leo jioni ana mkutano. Twende."

Tulimfuata tukiwa na hofu. Alisubiri mpaka Augustino akaruhusu maswali, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nimekuja kukupongeza. Wazo ni zuri. Nalijua vizuri." Watu wakaguna, wengine wakacheka. "Mimi kiti sina, siwezi kuanza hata kama nataka. Wewe unacho, na ufunguo wa uwanja unao. Uchaguzi bado wiki tatu. Anza kesho. Ukijenga, tumepata choo. Usipojenga, tumepata mwenyekiti mpya."

Ee bwana! Mtaa ulilipuka. Hata wabeba mizigo walitua mizigo wapige makofi. Augustino alisema kuna mchakato, lakini nani alimsikia?

Tangu hapo hakupata raha. Akitoka kwake asubuhi, mama ntilie anamuuliza, "Mwenyekiti, choo kimefika wapi?" Akinywa kahawa, anaulizwa. Akienda kunyoa ndevu, anaulizwa. Ile mikokoteni ilikuwa ya shemeji yake, na shemeji hakutaka kuhama. Mwishoni kabisa akamwaga mchanga lori moja mbele ya ofisi, apigwe picha. Ukakaa hapo. Paka wa mtaa mzima wakautumia, kwa hiyo choo kilianza kweli, ila cha paka.

Severa alishinda, tena kwa mbali! Matokeo yalipobandikwa, mama Jasumati alishusha sufuria za dukani, mpya kabisa, akatugawia tupige. Tulizunguka mtaa mzima tukigonga na kupiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka, na sijawahi kufurahi hivyo tangu harusi yangu. Gaudens alilia machozi akisema alijua tangu mwanzo. Tulimwacha aseme.

Mikokoteni ilihama. Mchanga wa Augustino tuliuchekecha vizuri, ukaingia kwenye msingi; Severa alisema mchango wa mtu hautupwi. Siku ya kufungua choo alimwita Augustino akate utepe pamoja naye. Nilinuna, lakini yeye hakunisikiliza. Mama Jasumati alitangaza kwamba kuanzia leo mlango wake umefungwa, na atakayegonga atakiona.

Tuliporudi dukani, asubuhi ilikuwa bado mbichi. Nice alikuwa anapanga nguo, mtoto mgongoni. Severa aliagiza chupa kubwa ya maji, baridi, inatoa jasho, akaifungua mwenyewe na kumkabidhi binti yake.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Kunywa mpaka chini."