Maji ya Udhu ya Bi Zuwena

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, na karakana ilikuwa ifunguliwe saa mbili. Nilisimama nje, nyuma ya soko la Darajani, na shahada yangu ya kemia ndani ya bahasha. Nilikuwa nikijiuliza kama itakuwa adabu mbaya kukutwa nimesimama hapo, na kama nikiondoka kidogo nitarudi nimechelewa. Fundi Mkuu alipokuja na funguo alinitazama, akaitazama bahasha, akasema, "Hiyo kaiweke nyumbani isilowe. Hapa tunalowa."

Nawaandikia nyinyi mnaomaliza chuo sasa, ambao huenda mkapata kazi niliyoiacha. Sina umri wa kuandika kumbukumbu, lakini kazi hii nimekwisha kuistaafu, na sijui nani mwingine atawaeleza.

Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Mvua hupenya katika mawe hayo na kubeba chokaa hadi visimani. Maji hayo huitwa magumu: sabuni haitoi povu, birika hushika ukoko mweupe, na hita ya bafuni hufa kabla ya wakati wake. Mashine tuliyokuwa tukifunga, ya kuyalainisha maji hayo, ni matangi mawili. Lile refu lina punje ndogo za kahawia, mfano wa ulezi, zinazonasa chokaa maji yanapopita. Lile fupi lina chumvi. Punje zikishiba, mashine huvuta maji ya chumvi yakazipitia, nazo zikaitapika chokaa. Kisha husuuza kwa maji safi mpaka chumvi yote itoke kwa bomba la kumwagia. Isiposuuza vya kutosha, chumvi iliyobaki humfikia mwenye nyumba kwenye bomba lake.

Mwaka wa kwanza nilikuwa chini ya Fundi Mkuu, tukifunga mashine katika nyumba mpya za Mtoni na Kidichi. Alikuwa fundi hasa. Alinifundisha kupima maji kwa matone ya dawa, mpaka rangi igeuke kutoka nyekundu kuwa buluu, na kuhesabu matone ili kujua ugumu. Alinifundisha kufunga koki tatu, mbili za kuingia na kutoka na moja ya pembeni, ili mashine ikiharibika nyumba isikose maji. Bomba la kumwagia, alisema, lisiguse mtaro hata siku moja. Liache nafasi ya kiganja, uchafu usije ukavutwa kurudi ndani.

Mimi nilikuwa nikikaza nati, nikienda, nikirudi kuiangalia.

"Ushakaza?" angeuliza.

"Nshakaza, Fundi."

"Sasa mbona unarudi?"

"Nnahakikisha tu."

"Bwana wee, muoe basi, tujue moja!"

Nilicheka pamoja na wengine. Lakini nikifika nyumbani niliziona nati zile moja moja, na asubuhi nilitafuta sababu ya kupita tena kwenye nyumba ile.

Mwaka wa pili Meneja alinihamishia Mji Mkongwe, niwe mtu wa matengenezo: kujaza chumvi, kupima maji, kurekebisha saa za mashine. Huko ngazi ni za wima na maji ni ya mgao, yanakuja yakipenda. Ndipo nilipomjua Bi Zuwena wa Mkunazini. Alikuwa amesomesha Kurani mabinti wa mtaa ule mpaka magoti yalipomkatalia kukaa chini. Mashine alifungiwa na mwanawe aliyeko Maskati. Aliishi na binti yake, Asha.

Wiki ya kwanza aliniita. "Mwanangu, sabuni haitoki. Nnanawa, nnanawa, mkono unateleza."

Nilimweleza kwamba maji laini ndivyo yalivyo, kwamba ule ukwaru aliouzoea ulikuwa chokaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, akauliza tena, kisha akasema, "Haya. Sasa nimefahamu." Nilitoka pale nimefurahi. Nilikuwa sijapata kukutana na mtu anayeuliza kama ninavyojiuliza mimi.

Baadaye Asha alilalamika kwamba mashine inamaliza maji ya tangi kwa kusuuza, na mgao wenyewe ndio huo. Nilimpelekea Fundi Mkuu shauri hilo.

"Punguza," alisema. "Dakika kumi na tano zifanye nne."

"Nne hazitoshi, Fundi."

"Hazitoshi katika kitabu. Mkunazini zinatosha."

Nikapunguza. Siku mbili nilifikiria kurudi kuziongeza, na sikurudi, kwa kuwa nilikwisha kuchoka kuwa mtu wa kurudi.

Haikupita wiki, simu ikalia. Tulikuwa karakanani, mimi na Fundi Mkuu, tunakula.

"Naam, Bi Zuwena. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Maji yana munyu. Nikisukutua nnauonja. Nambie, hiyo chumvi mnayotia humo, ya bahari au ya jabali?"

Nilijua kwa nini anauliza. Tulisomeshwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo. Katika madhehebu yetu, maji yakibadilika kwa chumvi ya bahari hayadhuriki, maana asili yake ni maji. Yakibadilika sana kwa chumvi ya kuchimbwa jabalini, udhu wake una neno, huenda usiswihi, na sala hufuata udhu.

Fundi Mkuu alikuwa amesikia ninavyosita. "Mpe jibu, usimpe mtihani," akasema, na mdomo umejaa chapati.

Nilipoanza kazi tulikuwa tukitumia chumvi ya mashamba ya pwani. Gunia lilikuwa pale pale nyuma yangu, hatua kumi. Sikuinuka.

"Ya bahari, Bi."

"Una hakika?"

"Nna hakika."

"Alhamdulillahi. Basi nitastahamili ladha yake, kuliko tangi likauke."

Wiki saba baadaye nilifungua gunia jipya ili nimpelekee. Sijui kwa nini siku hiyo nilisoma. Ubavuni paliandikwa kwamba ni chumvi ya mgodini. Nikachambua magunia matupu yaliyokuwa yamekunjwa pembeni. Yote vile vile.

"Ya pwani ilikuwa inaacha tope ndani ya tangi," Fundi Mkuu akaniambia. "Tulibadilisha zamani, hata hujahamia mjini. Kwani chumvi si chumvi?"

Nilipomweleza alisema kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "Msikilize mkubwa wako. Asiyejua hana dhambi. Ukimwambia ndipo utakapomtwika."

Huenda alikuwa na haki. Siku kumi na moja nilikaa na maneno hayo. Nikisema, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu atalipa, yaani azisali upya, sala za wiki nzima nzima. Nisiposema, nitakuwa nimemchagulia mimi katika jambo lililo baina yake na Mola wake. Nilikwenda baada ya Alasiri, kwa sababu kila siku niliyochelewa ilikuwa inaongezeka juu ya zile za kulipa.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kusalia. Nilimwambia nikiwa nimesimama.

"Tangu niuonje ule munyu?" akauliza.

"Tangu hapo, Bi. Karibu wiki tisa."

Asha akaingilia. "Mama, maji hayakubadilika kiasi hicho. Tumuulize sheikh kwanza."

"Pengine hayakubadilika," alisema. "Lakini munyu nliuonja mimi, sheikh hakuwapo. Sitakwenda mbele ya Mola wangu na pengine." Kisha akanigeukia. Hakukasirika, laiti angekasirika. "Nambari ya mkubwa wako nnayo, mwanangu. Nlikupigia wewe kwa sababu nlikuona si mtu wa kujibu mbio."

Akaniomba niiondoe mashine. Nilifungua koki ya pembeni, nikafunga zile mbili, nikaanza kulegeza nati. Magharibi ilikuwa bado mbali. Upande wa pili wa ukuta nikasikia maji yakichotwa kwa kata kutoka mtungini, kisha takbira, kisha mguu wa kiti ukikwaruza sakafu kila alipoinama.

Niliandika barua ya kuacha kazi wiki ile ile. "Unaacha kwa ajili ya gunia?" Meneja aliuliza.

Mtaniuliza niwape funzo gani. Ningewaambia kagueni kila kitu, lakini mimi nilikagua kila nati ya kisiwa hiki, na haikunisaidia siku niliyoulizwa. Fundi Mkuu angali anafunga mashine, na anafunga vizuri kuliko nitakavyoweza mimi maisha yangu yote. Mimi nasimamia duka la shangazi yangu la vifaa vya shule, na mteja akiniuliza kama daftari lina kurasa mia moja, nazihesabu.

Asha hajanikatia salamu. Aliniambia mama yake alikuwa akilipa sala za siku moja kwa kila siku, na mara nyingine mbili akipata nguvu. Tangu Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, yumo kitandani, hatambui vizuri mchana na usiku. Nampelekea madafu kila Ijumaa. Namkabidhi Asha mlangoni, namuuliza hali ya mgonjwa, namuuliza kama anakula. Sala zimebaki ngapi, sithubutu kumuuliza.