Mchanga Mweusi wa Mbaraki

Jumanne nilikuwa Mbaraki kwa muuza miche wa kando ya barabara, pale malori yanapofunga breki. Akaja mama mmoja wa mtaa wa Ndia Kuu na chungu cha asumini alichokinunua kwake. Asumini imekauka.

"Mchanga wako umekufa, mwanangu."

"Mchanga haufi, mama. Huu mweusi, una rutuba."

"Haya, nionyeshe nyungunyungu mmoja."

Muuzaji akachokora hadi chini ya chungu. Hakumpata.

"Wautoa wapi?"

Akaashiria kwa kidevu ukingo wa lami, hatua tatu kutoka tuliposimama. Mama akaufikicha kidogo, akaunusa, kisha akampelekea muuzaji puani.

"Mpira," akasema muuzaji.

Ndiyo hivyo. Tairi hulika barabarani, unga wake ukatua mchangani, na kemikali zake zikawadhuru nyungunyungu pamoja na vijidudu visivyoonekana, ambavyo ndivyo vinavyolisha mizizi. Sisi twaona weusi, twasifu rutuba.

Nilitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu asiyehusika, nikarudi garini. Tairi zangu zote nne zimekwisha, ni kipara. Sijawahi kujiuliza mpira wake uko wapi.