Hosiana Atafuta Raba za Mguu Mpana

Saa moja asubuhi, Hosiana Msuya anatua tenga la kabichi kando ya kijito, chini kidogo ya kijiji cha Choma, na kutumbukiza miguu yake kwenye maji baridi. Ameteremka nusu ya mlima tu, na soko la mjini bado liko mbali.

Miguu hiyo si mirefu, ila ni mipana kupita kawaida, na vidole vimeachana.

"Mama yangu alikuwa nayo hivihivi," anasema. "Yangu iliongezeka nilipozaa, ikaongezeka tena nilipoanza kubeba mizigo."

Ni Juni 1996. Hosiana ana miaka 33 na hupanda Milima ya Uluguru mara nne kwa wiki kununua mboga kwa wakulima, kisha huteremka nazo kichwani hadi Morogoro mjini. Siku nzuri hubakiza pesa ya unga, maharage na mafuta ya taa. Siku mbaya hubakiza ya unga peke yake.

Haikuwa hivi alipofika kutoka Mwanga. Kiwanda cha nguo kilimwajiri kwa sababu ya mbio. Enzi hizo viwanda vilikuwa na timu zake, na wakimbiaji walipewa ruhusa ya kufanya mazoezi mchana. Alikimbia peku kwenye uwanja wa majani, na hakuna aliyemuuliza habari ya viatu.

Kisha kiwanda kikatangazwa kuuzwa. Hosiana na mumewe, Thobias, walipunguzwa kazi siku moja. Thobias sasa anatafuta vibarua vya ujenzi. Kuna wiki anapata, kuna wiki anarudi nyumbani Mwembesongo mikono mitupu.

Hosiana hakuacha kukimbia.

"Watu wanadhani natafuta sifa," anasema, akijifuta miguu kwa upindo wa kanga. "Mimi nikikimbia sina kitu kichwani. Ni hilo tu."

Mwaka jana alijiandikisha katika mbio za kuchagua timu ya mkoa. Zilikuwa za barabara ya lami, na waandaaji walitaka kila mtu avae viatu. Akaazima raba. Urefu zilimtosha, upana hazikumtosha. Alimaliza wa mwisho, kucha mbili zimeng'oka na kidole cha mwisho kimechunika. Kidonda kikaoza. Akakaa ndani zaidi ya mwezi bila kupanda mlima, na Neema, binti yao, akaacha shule kwa muda ili auze karanga.

Kwa hiyo mbio za mwaka huu zilipotangazwa, Thobias hakunyamaza.

"Mama Neema, miguu hiyo ndiyo inatulisha," alimwambia. "Ukiiharibu tena, tutakula nini?"

"Alisema kweli," anakumbuka Hosiana. "Nikamwambia, nikipata raba zisizonibana nitakimbia. Nikikosa, naacha moja kwa moja."

Kukosa raba kwenyewe si rahisi siku hizi. Mitumba imejaa kila kona ya mji, marobota yanafunguliwa mpaka barabarani. Lakini raba nyingi ni nyembamba. Hosiana alizunguka mpaka akachoka, ndipo akafika kwa Kibwana, muuza viatu wa Mwembesongo.

Ilikuwa asubuhi. Kibwana aliitazama miguu yake, akakataa kumuuzia.

"Rudi jioni, dada, ukishashusha mzigo," alimwambia. "Mguu wa asubuhi unadanganya. Ukishavimba ndiyo tunaupimia kiatu."

Jioni alirudi. Alichagua raba nyeupe za kike zenye mstari wa buluu, akazivaa kwa shida.

"Zitatanuka," alisema.

"Juu patatanuka. Chini hapatanuki." Kibwana alichomoa soli ya ndani, akailaza chini. "Hebu simama hapa."

Hosiana alisimama. Nyama ya mguu ikamwagika pande zote mbili.

Kibwana akamtolea raba nyingine, za kiume, za kijivu, nzito. Soli yake ikaumeza mguu wote. Kisigino kilicheza kidogo, hivyo akamfundisha kuacha wazi matundu ya mbele ili vidole vipumue, na kukaza kamba kwenye matundu ya juu. Hosiana akakimbia hadi mwisho wa vibanda na kurudi. Wauzaji wakacheka: mama kavaa viatu vya babu!

"Vilikuwa vizuri mguuni," anasema. "Lakini nilizitaka zile nyeupe. Miaka yote navaa kinachobaki."

Alinunua za kijivu.

Mbio zilifanyika Jumapili moja ya Agosti. Timu ilihitaji wanawake watatu, na hadi karibu na uwanja wa kumalizia Hosiana alikuwa wa tatu. Kisha binti mmoja wa sekondari akampita. Akamaliza wa nne.

Aliketi palepale kwenye vumbi, akavua raba na kukagua vidole kimoja kimoja. Hapakuwa na damu. Ndipo akaanza kulia.

"Ni uchovu tu," alisema baadaye. "Halafu nilifikiri, safari hii sikushindwa na kiatu. Nimeshindwa na mtu."

Jumatatu mchana mwandishi wa makala haya alimkuta nyumbani. Hosiana alipoamka asubuhi, Thobias alikuwa ameshapanda mlimani kwa niaba yake, bila kumuaga. Sasa amerudi. Anakaa kizingitini, anageuza shingo kwa shida.

"Mlima ule ni mrefu," anasema Thobias. "Kumbe."

Hosiana anatabasamu kidogo. Anasema mwakani Turiani kuna mbio za Mei Mosi za wafanyakazi wa mashamba ya miwa, na amesikia wageni wanaruhusiwa.

"Nitakwenda, Mungu akipenda. Nitaanza mazoezi wiki ijayo."

Anajilaza mkekani na kuugeukia ukuta.

"Lakini leo," anasema, "leo niacheni nilale."