Bolti Kumi na Sita

Siku ya kwanza nilipopokelewa kwenye karakana ya vifaru sikupewa spana. Nilipewa beseni la mafuta ya taa na lundo la gololi za chuma, kila moja ukubwa wa zambarau, nikaambiwa nizioshe mpaka zing'ae. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, fizikia nimeifaulu vizuri, nikajiona nimedharauliwa. Jioni akapita msimamizi wa karakana, Staff Sajini, mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Aliokota gololi moja, akaiviringisha kati ya vidole karibu na sikio, akairudisha kwenye beseni.

"Hii bado ina mchanga," alisema. "Osha tena zote."

Nilichukia, nikaosha. Baada ya wiki chache nilielewa kwamba gololi zile ndizo zinazobeba kichwa cha kifaru.

Kichwa ni ile sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga. Watu wengi hudhani kimechomelewa. Hakikuchomelewa, kimekaa tu. Kuna pete mbili kubwa za chuma, moja imefungwa kwenye mwili wa kifaru na nyingine chini ya kichwa, na kati ya pete hizo zinapita gololi, kama beringi ya baiskeli iliyolazwa chali. Kichwa chenyewe kimefungwa kwenye pete yake kwa bolti. Vifaru vyetu vilikuwa na bolti thelathini na sita. Kifaru kikiwa kimesimama sawasawa, uzito wa kichwa unatosha kukituliza mahali pake, na bolti hazina kazi kubwa. Kazi yake huja siku kifaru kinapoinama sana au kupinduka. Kwa hiyo ni rahisi kuzidharau. Kifaru chenye bolti legevu kinatembea, kinageuza mzinga, kinapiga shabaha, wala hakuna anayejua.

Wajukuu wangu hunionyesha kwenye simu vifaru vya vita vya mbali, kichwa kimerushwa juu kama kifuniko cha sufuria, wakiniuliza kama mafundi wa huko walisahau kukaza. Huwa nawaambia kwamba hayo ni makombora yaliyolipuka ndani, na hakuna bolti duniani ya kuzuia hilo. Mimi sikuona vita. Ninazozijua ni ajali za wakati wa amani, na moja kati ya hizo ilikuwa na mkono wangu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa pwani, chini ya Meja wa ufundi aliyekuwa na desturi ya kutupa somo papo hapo kila kitu kilipoharibika. Siku moja kifaru kilishuka kilima bila kufungwa komeo la kichwa, yaani chuma kinachozuia kichwa kisizunguke safarini. Mzinga ukajigeuza wenyewe kwa uzito wake na kung'oa nguzo ya simu. Meja alituita wote, akatuonyesha tundu la dereva pale mbele, mahali anapotoa kichwa ili aone njia. "Mzinga umepita hapa," alisema. "Leo dereva alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Nani kati yenu atamlipa yule aliyemfundisha kuvaa viatu vya kamba?" Tulicheka, lakini kuanzia siku ile sikuwahi kuacha komeo wazi.

Baadaye nilihamishiwa Dodoma, nikiwa tayari na tepe mbili za koplo, na huko nikamkuta tena yule Staff Sajini, naye kahamishwa kabla yangu. Ndiye aliyenifundisha kufunga kichwa. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, bolti zinakazwa kwa kupishana. Ukikaza moja upande huu, inayofuata ni ile inayoitazama ng'ambo ya pili, ili pete isije ikavutwa upande mmoja. Ya pili, kila bolti ikishafika kwenye kipimo, unapiga mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye bolti hadi kwenye pete. Bolti ikilegea, mstari unakatika na jicho linaona. Aliyekaza ndiye anayepiga rangi, tena moja baada ya moja.

Sheria ya pili ndiyo niliyoivunja.

Ilikuwa kiangazi, na kikosi kilikuwa kinajiandaa kwa mazoezi kwenye mbuga zilizo kaskazini. Upepo wa Dodoma miezi ile hukausha kila kitu. Ukifungua kopo la rangi, baada ya nusu saa limekuwa uji, baada ya saa moja limekuwa ugali. Mafundi wengi tulikuwa tunapiga rangi zote kwanza wakati bado ni nyepesi, kisha tunafuata na spana. Staff Sajini hakujua, au tulijidanganya kwamba hakujua. Siku ile nilipiga mistari thelathini na sita, nikachukua spana ya kipimo, nikaanza. Nilipofika bolti ya ishirini niliitwa haraka kusaidia kwenye winchi iliyonasa. Nilikaa huko zaidi ya saa moja. Niliporudi niliingia ndani ya kifaru, nikaona mistari yote myeupe, safi, hakuna iliyokatika. Jicho langu likaniambia kazi imekwisha. Nikatia sahihi kwenye kitabu. Asubuhi yake kifaru kikaondoka na watu wanne, dereva akiwa Koplo Ndahani, Mgogo wa Kongwa, rafiki yangu na mtani wangu, mimi nikiwa Mrangi wa milimani.

Siku ya pili yake nilikuwa napanga vifaa. Spana ya kipimo ina chemchemi ndani, na kila ukimaliza kazi unatakiwa kuirudisha sifuri, la sivyo inapoteza ukweli wake. Niliikuta haijarudishwa. Nikasimama nayo mkononi, nikakumbuka mahali nilipoiweka chini na nilikuwa nimefika bolti ya ngapi.

Nataka niseme wazi kilichofuata, maana vijana wanaosoma haya watadhani nilikimbia moja kwa moja kutoa taarifa. Sikukimbia. Nilinyamaza kuanzia asubuhi hadi mchana. Nilijiambia kifaru hakipinduki kila siku. Nilijiambia bolti zile kumi na sita zilikuwa zimezungushwa kwa mkono, si kwamba hazipo. Niliwaza tepe zangu. Wakati wa chakula niliacha sahani ya ugali mezani, nikaenda kwa Staff Sajini na kumweleza.

Hakupaza sauti. Aliuliza, "Ngapi?"

"Kumi na sita, afande."

"Zote upande mmoja?"

"Hapana. Nilikuwa nakaza kwa kupishana."

"Basi Mungu amekuachia mlango. Chukua spana fupi, twende."

Alijaribu kuwaita kwa redio lakini zoezi lilikuwa kwenye saa za kimya, hakuna aliyejibu. Tulikwenda kwa Landrova yeye akiendesha, mimi nikihesabu vichaka. Tulifika jua likiwa limeanza kuegemea, na kabla hatujaona kitu tuliona watu wamesimama kwenye ukingo wa korongo wakitazama chini.

Ukingo ulikuwa umemeguka. Kifaru changu kilikuwa kimelala ubavu, kimezidi ubavu, kichwa chake kikielea juu ya mchanga kwa kiasi cha shubiri mbili. Watu watatu walikuwa wameshatoka. Ndahani alikuwa bado ndani, mguu wake umebanwa na kreti la makombora lililong'oka, na alikuwa anapoteza damu. Kreti halikuweza kuinuliwa kifaru kikiwa katika ulalo ule, kwa hiyo Kapteni wa uokoaji alikuwa ameamua kukivuta kisimame na dereva akiwa ndani. Kamba za chuma zilikuwa zimeshafungwa. Gari la kuvuta lilikuwa linanguruma.

Kapteni alikuwa ameangalia kwa tochi, akaona mistari myeupe haijakatika. Aliiamini. Mtu yeyote angeiamini.

Staff Sajini alinisukuma mbele kidogo, nami nikaelewa kwamba hilo ni langu kusema. Nilimwambia Kapteni asivute, kwamba bolti kumi na sita hazikukazwa, kwamba mistari ile ni ya uongo na ni mimi niliyeipiga. Kichwa kingeweza kung'oka katikati ya kuvuta na kuporomokea ndani, juu ya aliyemo. Kapteni alinyanyua mkono gari likazimwa. Aliniita kwa neno ambalo sitaliandika hapa, kisha akauliza dawa ni nini. Nikasema dawa ni mtu aingie azikaze.

Niliingia kwa mlango wa dharura ulio sakafuni, ambao wakati huo ulikuwa umegeuka ukuta. Ndani palinuka dizeli na damu. Mganga wa kikosi alikuwa ameshamfunga Ndahani kitambaa juu ya goti. Aliponiona alitabasamu.

"Mrangi," alisema, "umeshuka kutoka milimani kote kuja kunitazama nimelala?"

"Nimesikia mama yako amekutumia mlenda, nimekuja kuuwahi."

"Umemwagika wote. Lamba huo ukutani." Akaona spana. "Unakaza nini?"

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilisema, "Naongeza usalama tu, kabla hawajavuta."

Nilikaza nikiwa nimelala ubavu, spana ikipata nafasi ya robo mzunguko tu kila mara. Bolti zilizobeba uzito zilikuwa ngumu, zilipiga kelele, na kila kelele ilinifanya nisubiri kuona kama chuma kitasogea. Ndahani alikuwa ananisimulia habari za ng'ombe wa baba yake ili asilale. Nilikaza kumi na nne. Mbili zilikuwa nyuma ya kreti lililombana, sikuzifikia. Nilitoa kichwa nje nikamweleza Kapteni, nikasema zinatosha akivuta polepole. Aliniamuru nitoke. Nikamwambia mguu unahitaji mtu wa kuushika kreti likisogea. Alitazama jua, akaniacha.

Walivuta polepole sana. Chuma kililia. Nilikuwa nimeushika mguu wa Ndahani kwa mikono miwili na macho yangu yako kwenye pete. Kisha kifaru kikatua kwenye minyororo yake kwa kishindo, kreti likarudi nyuma, mguu ukatoka. Kichwa kilikuwa pale pale. Nilitaka kusimama nikashindwa. Wote wawili tulitolewa tumebebwa, na watu wakadhani na mimi nimeumia.

Staff Sajini alipima bolti zote kesho yake. Aliniita akasema, "Kilichoshika kichwa ni zile ishirini ulizozikaza kwa kupishana. Zingekuwa za upande mmoja, tungekuwa tunachimba kaburi. Usijisifu kwa hilo, na usijinyonge kwa lile lingine." Nilivuliwa tepe zote mbili, na ilikuwa haki. Kuanzia wiki ile kopo la rangi lilifungiwa kabatini, fundi anapewa kiasi cha kifuniko cha soda kwa wakati mmoja.

Ndahani alikaa hospitali miezi, akatoka anachechemea, akastaafishwa mapema. Aliposikia nimevuliwa tepe alidhani ni kwa kukaidi amri ya kutoka ndani ya kifaru. Sikumsahihisha. Kila msimu wa mavuno alinitumia gunia la karanga, na salamu kwamba koplo wa kweli hahitaji tepe. Nilirudishiwa cheo baadaye, nikapanda hadi Staff Sajini, nikafundisha mafundi wengi kwenye vituo vitatu. Wote niliwaeleza kisa hiki bila kuficha. Mtu mmoja tu hakukisikia, naye ndiye aliyekuwa na haki ya kukisikia kwanza.

Nilistaafu, nikajenga nyumba Dodoma. Mwaka jana karanga zilikuja tena, na mke wangu akasema hatazipika mpaka niende Kongwa. Nilipanda basi siku ya pili yake.

Nilimkuta Ndahani uani anapukuchua mahindi, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Tulisalimiana kirefu, tukaulizana wajukuu. Kisha nikamweleza. Kopo la rangi, winchi, sahihi, asubuhi niliyonyamaza, na maneno niliyomjibu nikiwa na spana mkononi. Sikutafuta kisingizio. Aliendelea kupukuchua mpaka nikamaliza, kisha akaweka gunzi chini.

"Kwa hiyo ulipoingia ulikuwa unajua hazijakazwa," alisema.

"Nilikuwa najua."

"Na walipovuta, ulikuwa unajua mbili bado."

"Ndiyo."

Kuku walikuja kudonoa punje karibu na miguu yetu, hakuwafukuza.

"Ningekasirika ungeniambia nikiwa hospitali," alisema. "Ningekuchukia, Mrangi, sikufichi. Mguu huu unauma kila baridi ikija." Akaupapasa. "Lakini miaka yote hii nilikuwa nadhani uliingia kwa sababu hukujua hatari. Nilikuwa nawaambia watoto wangu, yule fundi alikuwa jasiri kwa ujinga. Kumbe mle ndani aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu."

Nilimwomba msamaha. Alisema ameusikia, na kwamba atautafakari kwa sababu haukuwa mdogo. Kisha akanisogezea nusu ya mahindi yake, akaniambia kama nimekuja na mikono nisiiache ilale.

Tulipukuchua hadi basi la mwisho lilipokaribia. Aliponisindikiza barabarani, akichechemea, alisema mwaka ujao karanga hazitakuja. Akaongeza kwamba kuanzia sasa nizifuate mwenyewe.