Upande wa Pili wa Kitambaa

Batul wa Fes hakuwahi kumpa mtu zawadi ya dukani. Mtoto akizaliwa, alimdarizia kishuka. Msichana akiolewa, alimdarizia kitambaa cha kufunikia sinia la chai. Hata daktari aliyemtoa mawe ya nyongo alipelekewa vitambaa vya kufutia midomo, akavishika kama mwanamume aliyekabidhiwa kichanga cha watu, asijue aviweke wapi.

Alidarizi kwa uzi wa rangi moja tu, buluu, kwa mtindo wa mji wake, na mtindo huo hauna nje wala ndani. Ukikigeuza kitambaa unakuta nakshi ile ile, jani kwa jani. Fundo halionekani popote, kwa sababu uzi unaanza umefichwa na unamalizika umefichwa. Alijifunza hivyo utotoni, katika nyumba ya mwalimu mmoja mkali, pamoja na Radia na Khadduj, ambao ni mashoga zake mpaka leo. Mwalimu yule alipopokea kazi ya mwanafunzi hakuitazama mbele kabisa. Aliigeuza, na akiona fundo anarudisha, ukafumue mpaka mwanzo.

Ndiyo maana wanawake hawa, wakipewa kitu kilichodariziwa, kabla hata ya kusema asante wanakigeuza. Mtu anayekigeuza anakuambia kwamba anajua umeteseka kiasi gani. Asiyekigeuza ni kama mgeni aliyesema ameshiba kabla sahani haijafunuliwa.

Katika ukoo mzima, mtu mmoja tu alikuwa hajapata kitambaa cha Batul. Huyo ni Ikram, mke wa Dris, kitindamimba wake. Ikram alitoka Al Hoceima, upande wa milima na bahari, ambako watu wana lugha yao na hawana maneno mengi. Harusi ilifanyika kwa haraka, baba yake Dris akiwa kitandani. Kisha ikaja eda, na eda ilipokwisha Batul akashika sindano, akagundua kwamba mkono hauendi. Kitu kilikuwa kimeingia kati yake na mkamwana wake, na hakujua ni kitu gani. Ikram alikuja kila Ijumaa, akabusu kichwa cha mama mkwe, akamwita Lalla kwa heshima, akasaidia kuchambua kuskusi, akaosha vyombo, akaaga. Hakukosa adabu hata siku moja. Lakini hakuwahi kuvuta kigoda jikoni akasema, "Lalla, umesikia ya jirani?" Hakuwahi kucheka ndani ya nyumba ile.

Sasa Dris alikuwa amepata kazi Tanja, na mwisho wa mwezi wangehama, yeye na mkewe na binti yao Tasnim, anayeanza tu kujifunza kubishana.

"Wakiondoka hivi hivi," Batul alimwambia Radia, "nitakuwa bibi wa kwenye simu. Mtoto ataonyeshwa uso wangu, ataambiwa sema salamu, atakimbia."

"Basi mpe kitambaa."

"Na kama hakitaki?"

"Cha Batul? Nani asiyekitaka?" Radia akasema. "Shoga, acha uchuro."

Batul alidarizi msimu wote wa baridi, kando ya dirisha, macho yakimtoka maji, akipumzika kila anapomaliza jani. Hakutaka kukitoa nyumbani, mbele ya vyombo na kazi. Alingoja mvua zikatike na mashamba yawe kijani, wakati ambapo watu wa Fes hawakai majumbani. Wanabeba mazulia, majiko na ngoma, wanakwenda penye maji, wanakula hadi kupitiwa na usingizi. Matembezi hayo wanayaita nzaha, na Batul aliamini kwamba moyo uliokataa kufunguka kwenye nzaha haufunguki tena.

Jumapili hiyo Dris aliazima gari la rafiki yake, lenye viti vya kutazamana. Wakaelekea upande wa Sefrou, kwenye chemchemi iliyo chini ya mizaituni. Radia alipakata birika njia nzima kama paka.

"Lirudishe kapuni, litakuvunja magoti," Khadduj akamwambia.

"Kapu hilo umelipanga wewe. Mwaka jana ulipanga wewe, tukanywa chai kwenye kifuniko cha sufuria."

"Mlikunywa, hamkunywa?"

"Tulikunywa. Mpaka leo ulimi wangu una ladha ya dengu."

Tasnim akacheka kwa sababu wakubwa wanagombana. Ikram alitabasamu akitazama nje. Batul alikuwa na kitambaa ndani ya kifuko, chini ya kanzu yake, na kila gari liliporuka shimo alikigusa.

Walitandika zulia. Dris akatumbukiza chupa za soda kwenye maji zipoe, akawasha mkaa, kisha akajilaza pembeni na kofia usoni, kama wafanyavyo wanaume wanapojua chakula kiko mikononi mwa wengine. Wakala maharage mabichi yaliyochemshwa, yenye chumvi na bizari nyembamba, wakala mayai yaliyokaangwa na nyama iliyokaushwa, wakala machungwa. Khadduj akapiga ngoma yake ya mkononi na kuimba wimbo wa harusi wenye maneno ambayo Dris alijifanya amelala asiyasikie. Chai ya nanaa ilipomiminwa, Batul akaona ndiyo saa yenyewe.

"Ikram, binti yangu," alisema, akatoa kifuko. "Hiki nimekucheleweshea. Mkono ulikuwa mzito. Kichukue uende nacho Tanja."

Ikram aliacha glasi yake chini. Alikipokea kwa mikono miwili, akakikunjua. Buluu ile juu ya kitani cheupe iling'aa kwenye mwanga uliopenya majani. Alikitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya nakshi, polepole, kama anayesoma. Kisha akakikunja kwa mikunjo yake ile ile, akakiweka ndani ya mkoba wake.

"Mungu aibariki mikono yako, Lalla," akasema.

Basi. Hakukigeuza.

Khadduj alianza kupiga ngoma tena, haraka na bila mpangilio. Radia alimtazama Batul, akainamisha kichwa, akanong'ona kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani: "Labda hajamaliza kukitazama."

Batul alikusanya glasi ambazo hazijaisha chai. Akazibeba mpaka penye maji, akachutama juu ya jiwe, akaanza kuosha. Majani yote yale ya msimu wa baridi. Aliosha glasi moja mara nyingi, akiwaza kwamba mambo yamekwisha, kwamba kijana ataondoka na mke ambaye hata uchungu wa macho ya mama mkwe wake hakutaka kuutazama.

Kivuli kikamwangukia. "Lalla, niachie mimi."

"Nenda kakae na mtoto."

"Mtoto yuko na Bi Radia. Niachie."

Batul hakumwachia. Wakabaki wameshika glasi moja, kila mmoja upande wake.

"Niambie kweli," Batul akasema, macho yakiwa majini. "Hukukipenda?"

"Nimekipenda sana."

"Mbona hukukigeuza?"

Ikram alishangaa, uso wake ukawa wa kitoto. "Nikigeuze? Mbele yako?"

"Mbele yangu, mbele ya Radia, mbele ya kila mtu. Ndivyo inavyotakiwa."

"Mama yangu alitufundisha ukipewa kitu hukigeuzi, Lalla. Ni sawa na kwenda kwa mtu ukainua zulia lake kuona kama amefagia chini. Hata nikiwa mdogo, nikipewa kofia, nikaipindua kidogo tu, napigwa mkono."

Batul aliiachia glasi. Ikram akaisuuza, akaiweka juu ya nyasi, akachukua nyingine. Aliendelea kuosha, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayejisemea.

"Kwa hiyo siku ile mlikuwa mnaushukuru."

"Siku gani?"

"Siku ya posa. Mama alipoleta mto."

Batul akakumbuka. Mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, amekaa ukingoni mwa sofa, ametoka mbali kwa basi, kwa kuwa baba yake Dris hakuweza kusafiri, na hajui Kiarabu cha kutosha kuomba maji. Mto wenye maua mekundu ya sufu, mazito, kama yaliyomwagwa. Batul aliupokea kwa furaha na, kwa kuwa foronya ilikuwa haijajazwa bado, akaigeuza mara moja, ndani nje. Aliona mafundo, na nyuzi ndefu zilizokatiza huku na huku. Hakuona ubaya. Alisema, "Ee, kazi hii," akampa Radia. Radia akaigeuza, akampa Khadduj. Khadduj akampa dada yake, na dada mtu akampa mkazamjomba.

"Mto wa mama ulizunguka sebule nzima tumbo wazi," Ikram akasema. "Kila mmoja akiuchungulia ndani. Kaka yangu aliniambia kwamba njiani, kwenye basi, mama alilia mpaka walipofika Taza."

Maji yalipita kati ya mawe. Kutoka kwenye zulia ilisikika sauti ya Radia ikimfundisha Tasnim kumtukana Khadduj kwa adabu.

"Tulikuwa tunampa heshima," Batul akasema. "Wallahi, binti yangu. Ile ndiyo heshima kubwa tuliyokuwa nayo."

"Sasa najua. Nimejua leo, nilipowaona mnanitazama mikono."

"Na wewe miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nilidhani unajua ulichokifanya."

Batul alijifuta mikono kwenye kanzu, akasimama kwa kushika bega la Ikram. "Mpigie mama yako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla sijaanza kuogopa."

Ikram akapiga. Simu iliita sana. Ilipopokelewa, kulisikika kuku, kisha sauti nzito ya mwanamke. Ikram akazungumza lugha ya kwao, haraka haraka, na Batul akalisikia jina lake likipita katikati kama mtu anayemfahamu ndani ya umati.

"Mwambie," Batul akasema, "kwetu kitu kilichodariziwa kinageuzwa. Mwambie nilimgeuzia mto wake kwa mapenzi, na mapenzi yangu yakamuumiza, na mimi mjinga nikampa chai nikadhani mambo yamekwenda vizuri."

Ikram alitafsiri. Upande wa pili kuku wakasikika tena. Kisha sauti ile ikasema maneno machache. Ikram akaziba mdomo kwa mkono.

"Anasemaje?"

"Lalla, usikasirike."

"Sema."

"Anasema alidhani mnatafuta viroboto."

Batul alitoa macho. Kisha kicheko kikamshika tumboni, kikapanda mpaka mabegani, na Ikram naye akashindwa kujizuia. Ikawa mara ya kwanza kwa Batul kumsikia mkamwana wake akicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha milimani, kisichofanana kabisa na umbo lake. Dris aliinua kofia usoni kuangalia kuna nini.

"Muulize amenisamehe?"

Ikram akauliza, akasikiliza. "Anasema amekusikia. Anasema ndani ya mto ni mahali pa sufu, wageni hawana kazi huko. Na kuhusu kusamehe, hawezi kwenye simu, lazima akuone uso. Anasema uje majira ya joto, mtatoka pamoja, mtakwenda ufukweni kula samaki."

"Mwambie nitakuja."

"Anasema usije peke yako. Njoo na wale wengine wote walioushika."

Walirudi kwenye zulia na glasi. Batul alimweleza Radia mambo yote sikioni, na Radia, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosa neno, akamenya chungwa zima kwanza.

"Lakini mimi niliusifu ule mto," alisema mwishowe. "Nilisema rangi zake zimeshiba."

"Ulisema kwa Kiarabu," Khadduj akamjibu. "Na kichwa kikiwa ndani ya foronya."

Jua lilipokaribia kuzama wakakung'uta zulia, wakapakia. Upepo wa kurudi ulikuwa na baridi, na dirisha moja la gari lilikuwa halifungiki. Tasnim alipitiwa na usingizi mapajani mwa mama yake, uso umejaa maji ya chungwa, kidevu kinang'aa. Ikram alitazama huku na huku akitafuta cha kumfunika. Shali ilikuwa nyuma, chini ya majiko. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe chenye nakshi za buluu, akakikunjua na kumfunika mtoto miguuni hadi shingoni.

Tasnim aligeuka usingizini. Kidevu kikasugua kwenye kitani.

Radia alimkanyaga Batul mguu. "Kitambaa," akanong'ona. "Shoga, kitambaa. Chungwa halitoki."

"Nimekiona."

"Mwambie, basi."

Batul hakumwambia. Gari lilikata kona, upepo ukainua ncha ya kitambaa na mguu mmoja wa mtoto ukabaki wazi. Batul akainama, akaivuta ncha hiyo taratibu, akaichomeka chini ya kisigino kidogo, na akauacha mkono wake hapo, mpaka taa za Fes zikaanza kuonekana bondeni.